Dakika ya Sitini na Moja

Kiti changu kazini kilikuwa kimefungwa kwa skrubu sakafuni, kikiutazama ukuta. Pembeni yangu kulikuwa na kiti cha mwenzangu, kikielekea pazia. Tulikaa bega kwa bega, yeye akiangalia filamu, mimi nikiangalia rangi iliyobanduka, kama watu wawili waliogombana kwenye benchi moja.

Ndivyo kanuni ya tisa ya ofisi ya ukaguzi wa filamu ilivyotaka. Mkaguzi mmoja atazame, mwingine asikilize tu. Waliotunga kanuni hiyo walisema picha nzuri hufunika neno baya, na anayetaka kulinasa neno lazima aipe picha mgongo. Mtazamaji aliitwa Jicho. Msikilizaji aliitwa Sikio. Kwa miaka sita nilikuwa Sikio, na hata wahudumu wa chai walisahau kama mama yangu alinipa jina.

Jicho alikuwa mzee mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa. Alikuwa na utani usioisha.

"Busu, dakika ya arobaini," nilimwambia siku moja nikiandika kwenye fomu.

"Busu gani la kusikika hivyo? Huyo anakunywa uji."

"Jicho, nimesikia."

"Basi andika: uji wa mapenzi. Miaka kumi na mbili, na mzazi awepo."

Filamu zilikuja na vyeti vya nchi nyingine, na vyeti hivyo vilinichekesha kuliko filamu zenyewe. Kwa majirani wa upande mmoja mtu angeweza kuchinjwa mbele ya mtoto wa miaka saba, ilimradi asichinjwe akiwa uchi. Ng'ambo ya mto uchi haukumshtua mtu, lakini sigara moja mdomoni mwa babu ilitosha kuwatoa watoto ukumbini. Filamu ile ile, dakika zile zile. "Ukitaka kumjua mtu," Jicho alipenda kusema, "muulize anamficha mwanawe nini." Mimi nilicheka tu. Kwetu kanuni zilikuwa arobaini na mbili, zimeandikwa kwa herufi nzito, lakini kile tulichokiogopa zaidi hakikuwemo hata katika moja. Hakikuandikwa kwa sababu kukiandika kungekuwa kukitaja.

Mwaka jana nilianza kusikia mambo ambayo hayakuwa ya filamu. Chai ilimwagika kando ya kikombe. Kalamu ilikwaruza meza badala ya karatasi. Siku moja Jicho alilisalimia koti lililotundikwa mlangoni akidhani ni mtu, akauliza hali ya nyumbani kwake. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, la kushoto likibakiza upenyo mdogo, na ili kuona kitu alipaswa kukisogelea hadi karibu kukigusa kwa pua.

Hakuniomba nimfichie, na mimi sikumwahidi. Nilianza tu kumsomea fomu, kisha kumwongoza kidole mahali pa kuweka saini. Filamu ikipiga mlio wa bastola, nilimnong'oneza: "Mtu kapigwa." Naye alijibu: "Naam, nimemwona." Kwa hiyo mwaka mzima watu wa nchi yetu waliruhusiwa au kukatazwa kuona kwa masikio yangu.

Nilimfichia siri yake kwa sababu nami nilikuwa na yangu.

Miaka minne nyuma kaka yangu alitoka kwenda kunyoa. Kinyozi alituambia alikuwa amefika nusu ya kichwa walipoingia wanaume wawili wenye mashati ya mikono mifupi, wakamwomba kaka atoke nje kidogo. Akatoka na kitambaa cha kinyozi shingoni. Mpaka leo kinyozi anakidai kitambaa, si kwa ubaya, ni kwa vile hana neno lingine la kusema anapomwona mama.

Kila Alhamisi mama huenda kusimama mbele ya jengo la kijivu ambako watu walisema gari lililomchukua liliingia. Hayuko peke yake. Wako wanawake thelathini, pengine na zaidi, kila mmoja na picha kifuani. Hawasemi kitu. Sheria inakataza makelele mbele ya jengo lile, na kimya hawajapata namna ya kukikataza. Mimi siku za Alhamisi nilipita mlango wa nyuma wa ofisi, njia ndefu, nisije nikakutana na macho yake. Kwenye fomu ya ajira kulikuwa na mstari wa ndugu wa kuzaliwa naye. Niliandika: sina.

Binti yangu wa miaka saba tulimpa jina la utani Redio, maana hana kitufe cha kuzima. Wakati wa likizo mama alikuwa akienda naye kule kwenye jengo la kijivu. Nilimkanya mtoto, nikamwapisha kwa kila kitu anachokipenda: shuleni husemi, kwa jirani husemi, kazini kwa mama ndiyo kabisa. Aliniuliza, "Hata nikiulizwa?" Nikamwambia hata ukiulizwa.

Basi ikaja filamu ya punda.

Ilitoka nchi ya mbali, nayo ilikuwa ya watoto: punda anamkimbia tajiri wake, anatembea nchi nzima, kila anakopita anavuruga mambo. Anakula kofia ya askari, anaingia harusini. Jicho alicheka kwa kufuata kicheko changu. Tulipofika dakika ya sitini na moja, sauti ikakatika. Hakukuwa na muziki wala nyayo, hata upepo. Nikangoja. Nikasikia kiti cha Jicho kikilia, kisha viatu vyake vikienda mbele, polepole, hadi karibu na pazia. Vikasimama huko. Nilidhani ananyoosha miguu. Dakika ya sitini na nne punda akalia, muziki ukarudi, na viatu vikarudi.

"Kulikuwa na nini hapo?" nikauliza.

"Wewe umesikia nini?"

"Kimya."

"Basi andika kimya. Kimya hakina daraja."

Niliandika. Nikamwongoza kidole, akaweka saini, nami nikaweka yangu. Daraja: watu wote.

Jumamosi iliyofuata filamu ilikuwa ionyeshwe kwa shule sita, saa nne asubuhi, mgeni rasmi Naibu Waziri mwenyewe. Shule ya Redio ilikuwamo. Mama Mkurugenzi, bosi wetu, aliniagiza nipite ofisini nichukue cheti chenye mhuri, kitundikwe ukumbini kabla ya filamu kuisha, kwani Naibu angetaka kupigwa picha nacho.

Ofisi ilikuwa tupu. Cheti kilikuwa mezani, na juu yake bahasha kutoka kwa wakala wa filamu. Ilikuwa na nakala za vyeti vya nchi nyingine, na kikaratasi cha kuomba radhi kwa kuchelewa. Nilivisoma nikiwa nimesimama, kwa mazoea, nikitafuta cha kunichekesha.

Nchi ya kwanza: watu wote.

Nchi ya pili: miaka kumi na mbili. Sababu, askari anavuta sigara.

Nchi ya tatu: watu wote, baada ya kuondolewa dakika ya sitini na moja hadi ya sitini na nne. Sababu: haitolewi.

Nilikisoma cheti cha tatu mara mbili. Nikakaa kwenye kiti changu, nikajikuta nautazama ukuta. Niliijua nchi ile ya tatu. Hawakuwa watu wa kuogopa damu wala mapaja. Walifanana na sisi kuliko majirani wengine wote, na kama sababu yao haikuweza kuandikwa, basi ilikuwa ile ile ambayo hata sisi hatuiandiki.

Na Jicho hakuona. Mimi niligeuka. Hakuna mtu katika nchi nzima aliyekuwa amezitazama dakika zile tatu, na sasa watoto mia nne walikuwa wanazisubiri gizani, wangu akiwa mmoja wao, huku Naibu Waziri amekaa safu ya mbele.

Nilimpigia Jicho simu. Haikupokelewa. Nikafunga mlango, nikakimbia mitaa miwili hadi ukumbini na cheti kwapani.

Fundi wa mitambo alikuwa kwenye chumba chake juu, anakula karanga. Saa ya mashine ilisoma hamsini na mbili.

"Kaka, simamisha."

"Kuna moto?"

"Hakuna."

"Basi karatasi. Saini mbili, yako na ya Jicho. Dada, mwaka juzi nilisimamisha filamu kwa maneno ya mdomo, nikaandika barua za kujieleza mpaka wino ukaisha." Akanitazama vizuri. "Unaumwa?"

"Hata kwa dakika tatu tu? Useme umeme umekatika."

"Naibu amekaa chini ya taa inayowaka, dada yangu. Umeme ukatike kwangu, kwake uwake?"

Nilishuka. Nilitembea kando ya ukuta, nimeinama, hadi safu ya mbele. Jicho alikuwa mwisho wa safu, mkongojo kati ya magoti. Viti vitatu kutoka kwake alikaa Mama Mkurugenzi, na baada yake Naibu, ambaye alikuwa akicheka kwa dhati. Punda alikuwa ameingia kwenye duka la vioo.

Nilichuchumaa sikioni mwa mzee. "Dakika ya sitini na moja. Kuna nchi imeikata. Niwekee saini hapa, nikaisimamishe."

Nikampa kalamu na karatasi. Hakuvigusa.

"Sababu wametoa?"

"Hawakutoa."

"Wana adabu." Alinipapasa mkono mpaka akapata kiganja, akakifumba juu ya kalamu. "Kaa na mwanao, binti yangu."

"Mzee, hukuiona. Hujui kuna nini."

"Nenda ukakae na mwanao."

Mama Mkurugenzi aligeuza shingo. Nikaondoka.

Redio alikuwa safu ya kumi na moja, kiti cha pembeni, ametoa viatu. Nilikaa kwenye ngazi karibu naye. Alifurahi sana kuniona.

"Mama, umekosa! Amekula kofia ya—"

"Shh. Tazama."

Nami nikatazama. Kwa miaka sita nilikuwa nimezisikia filamu zaidi ya elfu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa nimeelekea pazia kikazi. Sikujua kwamba punda alikuwa mweupe.

Sauti ikakatika.

Punda alikuwa ameingia barabara pana. Upande mmoja kulikuwa na ukuta mrefu, na mbele ya ukuta walisimama wanawake. Walikuwa wa nchi nyingine, wenye nguo nyingine. Walisimama mstari mmoja, vizee na wasichana, kila mmoja amebana picha kifuani kwa mikono miwili. Mvulana mwenye kofia. Mwanamume anayecheka na mtoto mapajani. Punda alipita mbele yao taratibu, akiitazama picha moja baada ya nyingine kama anayemtafuta mtu wake, na kamera ilikwenda naye, haikuruka hata mmoja.

Nilijua jinsi mama anavyoshika picha ile, kidole gumba juu ya bega la kaka ili upepo usiikunje, na mwanamke wa tano katika filamu ile alishika vivyo hivyo.

Nilisikia Redio akivuta pumzi. Nilikuwa naijua pumzi ile. Mkono wangu ulienda wenyewe, ukamziba mdomo. Midomo yake ilitembea chini ya kiganja changu, na bila sauti yoyote nililisikia neno lote. *Bibi.*

Ukumbi wa watoto mia nne ulikuwa kimya kabisa. Dakika moja. Shingo ya Naibu haikutikisika. Dakika ya pili.

Kisha, kutoka upande wa kushoto, mbali nasi, sauti nyembamba ya mtoto wa kiume ikasema kama anayemweleza jirani yake: "Kama mama mdogo."

Mwalimu akamkemea. Lakini nyuma, msichana akasema, "Bibi yetu naye anasimama hivyo." Na mwingine, karibu na mlango: "Ni kwa ajili ya baba." Sauti hazikuwa za kulia. Ni watoto waliokuwa wakitaja wanachokijua, kama wanavyotaja wanyama kwenye kitabu. Walimu walisimama gizani, lakini gizani utamkamata nani. Nilijaribu kuzihesabu sauti, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikafika tisa, nikashindwa.

Kiganja changu kilikuwa bado mdomoni mwa mwanangu, kimelowa. Sikuweza kukiondoa. Wenzake walisema na yeye hakusema, kwa sababu alikuwa na mama mkaguzi.

Punda akalia. Watoto wakacheka, wengi mno kwa pamoja, na muziki ukarudi.

Taa zilipowashwa kiti cha Naibu kilikuwa tupu. Zawadi alizotakiwa kugawa zilikuwa bado mezani. Mama Mkurugenzi alisimama karibu na dirisha la tiketi, mkoba ameukumbatia, na nyuma yake walikuwapo wanaume wawili ambao sikuwaona wakati naingia. Walivaa mashati ya mikono mifupi.

"Nani alitazama?" aliuliza. Sauti yake ilitetemeka, nikajua kwamba naye alikuwa na kidole kinachomgusa mgongoni.

"Mimi," Jicho alisema.

"Wewe unaona?"

"Niliona. Nilisogea hadi pazia, nikaona wote, mmoja mmoja. Mwaka mzima sijaona kitu sawasawa kama kile."

Hapo ndipo niliposikia tena vile viatu vikienda mbele, vikisimama dakika tatu. Sikio gani mimi.

Mama Mkurugenzi akanigeukia. "Na huyu? Saini yake ipo."

"Huyu aligeuka ukutani," Jicho alisema upesi. "Kanuni ya tisa. Alisikia kimya akaandika kimya. Angeona kwa kisogo?"

"Ni kweli?"

Redio alikuwa ameshika sketi yangu. Nilitazama mikono ya wale wanaume wawili, ilikuwa safi, na mmoja alikuwa na saa mpya.

"Ni kweli," nikasema. "Sikuona kitu."

"Mzee, utangoja barua nyumbani," alisema Mama Mkurugenzi, lakini hakumtazama.

Wale wawili wakamshika Jicho mikono, mmoja kila upande, kwa upole, kama watu wanaomvusha kipofu barabara. Mlangoni akajikwaa kwenye ngazi. "Asanteni, vijana," akasema. "Macho haya, ukishazeeka." Kisha, bila kugeuka: "Sikio, mama yako husimama wa tatu kutoka langoni. Nikipita zamani, nilikuwa namsalimia."

Kama Mama Mkurugenzi alisikia, alijifanya hakusikia. Alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba, na alikitafuta muda mrefu.

Jumatatu nilikuta wamenihamisha kiti. Mimi sasa ndiye Jicho, na kwenye kiti cha ukutani kulikuwa na msichana aliyemaliza diploma majuzi, daftari jipya, kalamu tatu. Aliniamkia, nikamwitikia. Tulikagua filamu ya mapishi. Nilitoka jasho kwa kila sufuria, nikidhani mvuke ukipanda nitaona watu wamesimama nyuma yake.

Alhamisi jioni mama alirudi, akavua viatu, akakaa kitandani kwangu akiwa na picha ya kaka mapajani.

"Leo tumeongezeka," alisema. "Kaja mama mmoja mgeni, mtu mzima. Hajui hata kuishika picha, ameishika kichwa chini. Nikamgeuzia."

"Picha ya nani?"

"Mumewe, nadhani. Mzee mwenye miwani mizito hivi."

Redio alinitazama. Tangu Jumamosi hakuwa mtu wa maneno. Alifumba mdomo na kungoja, kama mtu aliyekanywa asiseme hata akiulizwa.

"Sema," nikamwambia.

"Ni yule babu wa kazini kwenu," alisema. "Mama, na sisi tutaenda?"

Asubuhi nilichukua fomu ya ruhusa. Jina, nikaandika la kwangu, lile alilonipa mama. Siku: Alhamisi ijayo. Niliharibu fomu ya kwanza, nikaomba ya pili, na karani akaniuliza kama nina malaria. Mstari wa mwisho uliuliza sababu.

Niliandika: haitolewi. Nikaweka saini, na mara hii hakukuwa na kidole cha mtu cha kuongoza isipokuwa changu.